MOBA INAHESABIWA, LAKINI HAITIBIWI



Mwaka 2025 umekwisha. Katika ofisi za afya mwisho wa mwaka ni wakati wa kuandika. Kila kituo kinaandika hesabu yake, hesabu inapanda zoni, kutoka zoni inapanda Kalemie, kutoka Kalemie inapanda ndege kwenda Kinshasa. Wagonjwa wangapi wa malaria, wangapi wa kolera, watoto wangapi wamechanjwa, akina mama wangapi wamezaa, maiti ngapi. Sisi hatuwacheki wanaoandika. Twamjua muuguzi anayeandika usiku kwa mwanga wa simu yake mwenyewe, kwa kalamu aliyoinunua mwenyewe, na kesho asubuhi atakwenda shambani kupalilia mihogo kwanza, ndipo aje kutupiga sindano. Huyo hatuna neno naye. Lakini twauliza: karatasi zinapanda kila mwezi, nini kinachoshuka?

Jimbo letu la Tanganyika lilizaliwa mwaka 2015, Katanga ilipokatwa vipande vinne. Lina zoni za afya 11, na teritware yetu ya Moba ina mbili, Moba yenyewe na Kansimba. Tuliambiwa wakati ule kwamba jimbo likiwa dogo serikali itakuwa karibu. Kweli imekuwa karibu. Zamani wakubwa walikuwa Lubumbashi, tukawa hatuwaoni. Sasa wako Kalemie, zaidi ya kilomita 130 kwa njia ya ziwa, na bado hatuwaoni, ila siku ya kufungua kampeni, wakiwa na fulana mpya na kofia mpya, na mpiga picha.

Basi sisi tumeamua kuandika hesabu yetu ya mwaka. Haina mihuri. Tunaanza na maji, kwa maana mwaka wa wagonjwa wa Moba unaanza na maji.

Mvua za Januari na Februari zinaposhuka kutoka milima ya Marungu, zinaosha kila kitu kilichoko uwanjani na kukitia ziwani. Na ziwa ndilo tanki letu. Mama anashuka na ndoo alfajiri, anateka pale pale mahali mvuvi aliposhusha ndagala, mahali mtoto alipooga, mahali ambapo mtu mwingine, kwa kukosa choo, alifanya haja yake usiku. Halafu kolera inaingia nyumbani. Mtu aliyekula jioni vizuri, adhuhuri ya kesho yake macho yamezama, ngozi imekunjamana kama ya mzee, sauti imepotea.

Kolera si mgeni kwetu. Imezoea pwani za ziwa hili tangu mwaka 1978. Mwaka uleule, mwezi wa Septemba, wakubwa wa afya wa dunia nzima walikutana katika mji wa Alma-Ata, wakaapa kwamba ufikapo mwaka 2000 kila mtu atakuwa na afya. Kolera haikuapa kitu, lakini ndiyo iliyotimiza kazi yake.

Na tangu siku hiyo mipango haikukosekana. Kinshasa waliandika mpango mkubwa wa kuitokomeza kolera, wa tangu 2013 mpaka 2017. Kutokomeza, hilo ndilo neno lao. Mwaka wa mwisho wa mpango, huo 2017, watu zaidi ya 55,000 waliugua kolera katika Kongo na zaidi ya 1,100 walizikwa. Mpango ulipokwisha, kolera ikiwa nzima na mpango umekufa, walifanya nini? Wakaandika mpango mwingine, wa 2018 mpaka 2022. Haya, tumefika 2025: wagonjwa zaidi ya 64,000 katika inchi, na vifo zaidi ya 1,800. UNICEF walisema wenyewe kwamba kolera mbaya namna hiyo haijaonekana kwa miaka 25.

Hebu tufanye hesabu, maana kazi ya hesabu wamezoea wao tu. Katika wagonjwa mia, karibu watatu walikufa. Waganga wote wa dunia wanajua kwamba mgonjwa wa kolera akipewa maji ya chumvi na sukari mapema, na aliyezidiwa akitiwa maji ya mshipani, hafi hata mmoja katika mia. Dawa yenyewe si ya siri: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Mwenye kusoma gazeti hili na akate mstari huu aubandike ukutani. Basi wale wawili waliozidi katika kila mia, hawakuuawa na kolera. Waliuawa na njia mbaya, na kituo kisicho na dripu, na ndugu kuogopa deni la hospitali mpaka mgonjwa akabebwa amechelewa.

Tena msituambie kwamba sababu haijulikani. Uvira ni mji wa ziwa letu hilihili. Watafiti walikaa pale wakaweka pamoja vitabu viwili, kitabu cha mtambo wa maji na kitabu cha wagonjwa wa kolera, tangu 2009 mpaka 2014. Walichokiona kilichapishwa mwaka 2015: siku mabomba yakikauka kabisa, katika siku 12 zinazofuata wagonjwa wa kolera wanakuwa zaidi ya mara mbili na nusu kuliko baada ya siku ya maji kamili. Karibu robo ya wagonjwa wote walitokana na mabomba kukosa maji ya kutosha. Mabomba yalikuwepo! Mtambo ulikuwepo! Kilichokosekana ni umeme na mazuti na mtu wa kulipa. Tukiwa na ushahidi huo mkononi, mtu gani bado atasimama mbele yetu kusema kolera ni kazi ya Mungu?

Lakini watu wa namna hiyo wapo. Tulimsikia bwana mmoja wa ofisi, jina lake hatulitaji, akisema sokoni mbele ya akina mama kwamba wenyeji wa pwani ni wagumu wa kichwa, hawanawi mikono. Mama mmoja muuza mihogo akamjibu kwa adabu sana, "Baba, tunawe kwa maji ya wapi?" Bwana akacheka, akapanda pikipiki. Sisi hatukucheka. Neno la ujinga limetumiwa juu yetu miaka mingi, na kila mara linatumiwa na mtu mwenye bomba nyumbani kwake.

Chukueni habari ya musikitere. Kongo ni inchi ya pili duniani kwa wingi wa malaria, baada ya Nijeria. Katika wagonjwa mia wa malaria wa dunia nzima, kumi na wawili hivi ni wetu. Kwa hiyo vyandarua vinaletwa, vinagawiwa, vinapigwa picha. Halafu wakubwa wanakuta vyandarua hivyo vimeshonwa pamoja vinavua samaki. Wanakasirika! Watafiti waliopita vijiji vya pwani za ziwa hili waliandika mwaka 2014 kwamba zaidi ya nyumba nane katika kumi zilitumia chandarua cha mbu kwa uvuvi. Ni kweli, tena ni hasara, kwa maana nyavu zile zinakomba hata mayai ya samaki, na kesho ziwa litakuwa tupu. Hatusifu jambo hilo. Lakini mtu ambaye watoto wake hawakula tangu jana, mkimpa kitambaa chenye matundu madogo na ziwa liko mlangoni, mlidhani atafanya nini? Mngemletea nyavu za haki za kuvulia kwa bei anayoiweza, angelala chini ya chandarua. Ugonjwa wake wa kwanza ni njaa, na huo hauna safu katika karatasi zenu.

Juu ya chanjo tutasema kidogo, maana hapo kazi nzuri ipo na hatupendi kuiharibu. Vijana wanaobeba sanduku la barafu mgongoni kupanda Marungu mpaka Pepa, wakivuka mito miguu mitupu, ni watu wa kuheshimiwa. Mama asimfiche mtoto wake siku ya chanjo. Lakini tazameni jinsi kazi inavyopangwa. Inakuja kwa vishindo: siku tatu za kelele, halafu miezi ya kimya. Surua ya 2019 na mwanzo wa 2020 iliua watu zaidi ya 6,000 katika Kongo, karibu wote watoto. Miaka hiyohiyo Ebola ya Kivu na Ituri iliua watu 2,287, na dunia nzima ilikuja na mahema yake na magari yake. Hatuwaonei wivu ndugu zetu wa Beni. Twasema tu kwamba watoto waliokufa na surua walikuwa mara mbili na zaidi, na kila mmoja angeokolewa na chanjo ya bei ndogo sana, kama ingekuwako kituoni siku ya kawaida, Jumanne yoyote, bila kelele. Tena mwezi wa Machi 2023 dunia ikatangaziwa kwamba polio imepatikana katika jimbo letu na Kivu Kusini, na virusi hiyo ilitoka katika chanjo ya matone yenyewe. Watu wakasema: mnaona, wanatuua! Sivyo. Matone yana virusi iliyodhoofishwa. Mahali watoto wote wamechanjwa haina pa kwenda, inakufa. Mahali wengi hawakuchanjwa inapita kutoka mtoto hadi mtoto mpaka inapata nguvu tena. Maana yake ni kwamba chanjo nusu nusu ni hatari, na aliyeifanya nusu nusu si mama wa Moba.

Sasa tuje kwenye fedha, hapo ndipo penye donda.

Anayelipa afya ya Moba ni nani? Msidhani ni Leta. Mwaka 1987 mawaziri wa afya wa Afrika walikubaliana Bamako kwamba wenyeji wachangie bei ya dawa, ili sanduku la kituo lisikauke. Kidogo tu, walisema. Katika Kongo hiyo kidogo ikameza yote. Mgonjwa analipa kadi, analipa kupimwa damu, analipa sindano, analipa dawa, analipa kitanda, na mara nyingi analeta godoro lake na sabuni. Kutoka katika fedha hizo kituo kinanunua dawa, kinalipa mlinzi, na wauguzi wanagawana kilichobaki. Wengi wao hawana mshahara wa serikali hata franka moja. Wameandikwa "wapya" miaka mingi, wengine wamezeeka wakiwa wapya. Basi mgonjwa amegeuzwa kuwa mshahara wa muuguzi. Aliyefanya hivyo aliwapiganisha maskini wawili, halafu akaketi kando kuwatazama.

Tumeona kwa macho yetu jirani yetu mmoja, mwanamke wa mvuvi, aliyepasuliwa ili azae. Mtoto mzima, mama mzima, Mungu asifiwe. Lakini deni lilikuwa kubwa kuliko mtumbwi wa mume wake. Akazuiwa. Majuma matano alikaa hapo pamoja na mtoto mchanga, si mgonjwa, si mfungwa, akipikiwa na dada zake, mpaka mtumbwi ukauzwa. Hospitali gani hatutasema, kwa sababu jambo hilo linafanyika katika hospitali nyingi za Kongo, na mkubwa wa hospitali mwenyewe anadaiwa na muuza dawa. Mtumbwi umekwenda. Mwaka ujao mvuvi yule atalipa kwa nini mtoto akishikwa na homa?

Hapa wazee wengine wanaanza kuguna. Wanasema: afadhali wakati wa Mbelgiji, dawa ilikuwa bure, munganga alikuwa mkali lakini alikuwepo. Tunawaheshimu wazee wetu, na katika neno lao kuna kipande cha kweli: dawa zilikuwepo, nyumba za hospitali zilijengwa kwa matofali, nyingine tunazitumia hata leo bila kuzipaka chokaa. Lakini tukumbuke mambo yote, si nusu.

Tukumbuke kwamba munganga mmoja wa Brussels, Emile Houzé, aliyempima mtu wa Marungu na kuandika habari zake, alimpima akiwa fuvu tupu. Alikuwa Lusinga, mtemi wa Watabwa, aliyeuawa mwezi wa Desemba 1884 na watu wa Émile Storms, yule afisa aliyejenga boma la Mpala. Kichwa kilikatwa, kikapelekwa Ubelgiji, kikapimwa na kuandikwa katika vitabu vya wataalamu. Ndivyo ilivyoanza elimu ya miili yetu.

Tukumbuke ugonjwa wa malale. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 ulipofagia maziwa na mito, serikali ya Mbelgiji ilifanya sheria kwamba mtu wa inchi yenye malale asitembee bila karatasi ya munganga. Waliokutwa na ugonjwa walifungiwa katika makambi, na dawa ya wakati ule, atoxyl, iliyotengenezwa kwa sumu ya aseniki, iliwapofusha wengi macho. Watu walikimbia wapimaji kama walivyokimbia wakusanya kodi, maana mara nyingi walikuja na askari walewale.

Na ninyi ndugu wa machimbo, nanyi wana wa waliokuwa machimboni, mnajua zaidi. Union Minière ilianzishwa 1906. Miaka ya kwanza watu walikufa katika kambi zake kwa kuhara, kwa homa ya mapafu, kwa uchovu, nao wakaletwa wengine. Ilipoonekana, karibu na mwaka 1928, kwamba kuleta watu wapya kila mara ni gharama kuliko kuwatunza waliopo, ndipo zilipokuja hospitali za kambi, nyumba za uzazi, maziwa ya watoto, mizani ya kuwapima kila juma. Ilikuwa kazi nzuri, hatukatai, watoto walipona. Lakini mizani ilikuwa ya nani? Mtoto alipimwa kama mfanyakazi wa kesho. Na wafanyakazi wa leo walipodai mshahara, mwezi wa Desemba 1941, katika Elisabethville, risasi ziliwaangusha makumi. Kampuni ileile iliyowapa kwinini. Aliyekuwa nje ya kambi, mkulima wa Kansimba, mvuvi wa Mpala, hakuwa na mizani wala maziwa.

Halafu lililo kubwa kuliko yote: walitutibu miaka yote hiyo bila kutufundisha kutibu. Siku ya uhuru, 30 Juni 1960, Kongo nzima haikuwa na Mkongo hata mmoja mwenye diploma kamili ya munganga. Waliwaita watu wetu wasaidizi, hata wale waliosoma miaka sita. Wazungu walipokimbia mwezi wa Julai, hospitali zikabaki na wasaidizi. Shirika la afya la dunia, OMS, likawapeleka makumi ya hao wasaidizi Ufaransa wamalize masomo, na baada ya miaka michache wakarudi waganga kamili. Kumbe iliwezekana! Miaka michache tu! Tena ng'ambo ya ziwa, Karema, watu walikuwa wamekwisha kuona kwamba inawezekana: Adrien Atiman, mtoto Mwafrika aliyeuzwa utumwani, akakombolewa na mapadri, akasomeshwa uganga Malta, alitibu wagonjwa pale zaidi ya miaka 60, mpaka alipokufa mwaka 1956. Alifika kabla Kirungu haijaitwa Baudouinville. Kwa hiyo mzee anayesema afadhali ya Mbelgiji, tunamjibu: baba, Mbelgiji alikupa dawa, akaondoka na funguo za kabati.

Lakini haitufai kumlaumu Mbelgiji mpaka kiama. Uhuru una miaka zaidi ya 60. Mtu wa miaka 60 hamsingizii tena mama wa kambo.

Mwaka huu tulioumaliza umetuonyesha wazi nani alikuwa ameshika paa la nyumba yetu. Tarehe 20 Januari 2025 rais mpya wa Marekani alitia sahihi karatasi, misaada ya inchi yake ikasimamishwa; tarehe 1 Julai ofisi yao ya USAID ikafungwa kabisa. Mtu aliye mbali kabisa, asiyejua Moba iko upande gani wa dunia, alitikisa kalamu, na dawa za wagonjwa wa Kongo zikatikisika. Mwezi uleule wa Januari Goma ilianguka mikononi mwa M23, Februari Bukavu, Desemba wakaingia Uvira, na watu waliokimbia wakawa wanatafuta pa kulala katika miji ya ziwa ambayo yenyewe haina maji. Sisi wa Moba twajua maana ya kukimbia. Wengi wetu tulirudi kwa meli kutoka Mpulungu mwaka 2007, baada ya miaka mingi katika kambi za Zambia, na kule kambini, ni aibu kusema, mabomba yalikuwepo.

Hatumlaumu Mmarekani kwa kuchukua chake. Msaada ni mali ya mwenyewe. Tunawalaumu wale waliojenga nyumba ya afya ya inchi nzima juu ya mkono wa mtu mwingine, huku mkono wao wenyewe uko mfukoni. Mwaka 2001, mwezi wa Aprili, marais wa Afrika walikutana Abuja wakaahidi kwamba katika kila franka mia za serikali, 15 zitakwenda kwenye afya. Kongo haijatimiza ahadi hiyo. Hakuna mzungu aliyewakataza.

Tutaambiwa: hakuna fedha. Ninyi mnaochimba mtujibie. Hakuna? Sheria ya machimbo iliyotengenezwa upya mwezi wa Machi 2018 inasema kwamba ushuru wa madini unagawanywa hivi: katika mia, 50 za serikali ya Kinshasa, 25 za jimbo, 15 za wenyeji wa mahali panapochimbwa, na 10 za akiba ya watoto watakaokuja. Tena kampuni inapaswa kutoa isiyopungua 0.3 katika kila mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya vijiji vinavyoizunguka. Na Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 175, inasema jimbo libaki na 40 katika mia ya mapato ya taifa, yakatwe palepale, yasisafiri kwanza kwenda Kinshasa. Kifungu cha 47 kinatuahidi afya. Kifungu cha 48 kinatuahidi maji safi. Maneno mazuri hayo. Tumeyasoma kwa sauti mbele ya ziwa, maji hayakusafika.

Manono ilitoa bati zamani, na utajiri ukapita. Kisengo kule Nyunzu imetoa koltani, vijana wamechimba kwa mikono, na utajiri umepita. Sasa ni lithiamu ya Manono; miaka kadhaa makampuni ya mbali yameigombea mbele ya waamuzi wa ng'ambo, kila mmoja akiapa kwamba ni yake. Hatujasikia hata mmoja wao akiulizwa na mwamuzi: je, watoto wa Manono wanakunywa maji gani? Mchimbaji anaingia shimoni na mapafu mawili, anatoka na vumbi. Akikohoa, analipa mwenyewe kadi, kipimo na dawa, sawasawa na mvuvi. Kwa hiyo ninyi wa machimbo msiseme habari za kolera ni za watu wa pwani. Wanaotuzuilia maji ndio wanaowazuilia ninyi barakoa.

Basi tunataka nini? Hatutaki mpango mwingine wenye jalada la rangi. Tunauliza maneno machache, na tunayauliza kwa majina ya vyeo, kwa serikali ya jimbo Kalemie na kwa wizara ya afya Kinshasa.

Fungu la jimbo katika ushuru wa madini tangu 2018: zimeingia ngapi kila mwaka, na ngapi zilikwenda kwenye maji na afya? Tunataka hesabu hiyo ibandikwe ukutani kwenye ofisi ya teritware ya Moba, kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa cha wanasheria.

Wauguzi wa zoni za Moba na Kansimba: wangapi wanapata mshahara, wangapi hawapati, na wasiopata wataandikwa tarehe gani?

Visima na mabomba ya Moba Port: nani mwenye kazi hiyo, na pampu ikiharibika nani analipa fundi? Tunataka jina la ofisi moja, si tatu zinazoelekezana vidole.

Mama aliyezaa na akashindwa kulipa: kwa sheria gani anazuiwa, na nani ataandika barua ya kukataza?

Mvua zinaendelea. Ndoo zinashuka ziwani kila alfajiri. Majibu yakifika tutayachapa hapa neno kwa neno, hata kama yanatusuta sisi. Yasipofika mpaka mvua ziishe, tutachapa maswali haya tena mahali hapahapa, na chini yake tutaacha nafasi nyeupe, ukubwa wa jibu.